Shokesi ya Tyubu Haiwaki? Acha Kwanza Kununua Tyubu, Fuata Hizi Hatua (Mwongozo Kamili)

Aisee hili swali nimelijibu mpaka mdomo umechoka. Kwenye simu, kwenye daladala, hadi nje ya kanisa mtu ananivuta shati, "fundi, shokesi yangu imegoma tena." Kwa hiyo leo naandika yote mara moja, ukinipigia nitakuambia kasome.

Stori huwa ni ileile. Mtu ana shokesi ya vioo ya zamani, zile za fremu ya aluminiamu au mbao zenye taa za tyubu juu na wakati mwingine chini ya rafu, anauzia saa, simu, cheni, dawa au keki. Siku moja taa hazishiki. Anakimbia dukani ananunua tyubu mpya, anapachika, kimya. Ananunua ingine, kimya. Alafu anasema tyubu za siku hizi feki. Feki zipo, sikatai, ila nyingi ninazoenda kuziangalia nakuta tyubu haina hata kosa.

Kuna dada mmoja ana duka la saa jirani na Soko Kuu hapa Arusha, alinunua tyubu nne ndani ya mwezi. Nilipofika nilizikuta zote nyuma ya mlango zimesimama kwenye boksi kama wageni wanaosubiri kukaribishwa. Nikapima zote nne, nzima. Shida ilikuwa stata (kale kakikopo kanakoamsha tyubu), na wala stata hazikuwa mbovu, zilikuwa mpya kabisa ila za aina sio. Hiyo iko hatua ya 4, usiiruke.

Utaratibu wangu ni mmoja: anzia kwenye plagi uende taratibu mpaka kwenye tyubu, na ubadilishe kitu kimoja tu kila mara. Ukibadilisha tyubu na stata na holda (pale miguu ya tyubu inapopachikwa) kwa mkupuo ikawaka hutajua kilichokuwa kibovu ni nini, na isipowaka ndo umepotea kabisa manake sasa hujui hata hivyo vipya kama ni vizima.

## Vitu vya kuwa navyo

- Testa ya bisibisi, na bisibisi ya nyota na ya kawaida
- Mita (ile ya kidijitali ya bei rahisi inatosha, muhimu iwe na ile sehemu ya kulia "piii" waya zikigusana)
- Stata moja unayojua ni nzima, ya aina inayofanana na ya kwako
- Tyubu moja unayojua ni nzima, hata ukiazima ya jirani kwa dakika kumi
- Fyuzi ya plagi ya ampea 3
- Tepu nyeusi ya umeme, koneta chache, plaizi
- Brashi kavu ya rangi kwa ajili ya vumbi
- Tochi, na simu ya kupigia picha waya kabla hujachomoa chochote

Mita wengi wanaikwepa wanaona ni kitu cha mafundi. Nunua. Bila mita unabahatisha, na kubahatisha ndo kumekufikisha kwenye tyubu nne.

## Kabla hujagusa

Toa bidhaa zote kwenye rafu. Vaa viatu vikavu. Chomoa plagi ukutani kabisa, kuzima swichi ya shokesi hakutoshi, na nitakuambia kwanini: shokesi nyingi za zamani nimekuta swichi imefungwa kwenye nyutro (waya wa kurudisha umeme) badala ya fezi (waya unaouleta), kwa hiyo ukizima taa inazimika vizuri tu lakini umeme bado uko ndani, umekaa kwenye choki (kile kichuma kizito kinachodhibiti umeme wa tyubu) na holda unakusubiri.

Testa pia usiiamini kichwa kichwa. Kabla ya kuitumia iguse kwanza kwenye soketi unayojua ina umeme, ikiwaka ndo uende nayo. Testa iliyokufa inakuambia "hamna umeme" kila mahali.

Kama ndani kuna kapasita (kikopo kidogo cha duara au cha pembe nne, kimeungwa kati ya fezi na nyutro), ukishachomoa subiri dakika 5 kisha ipime kwa mita upande wa volti za DC kabla ya kugusa miguu yake. Inaweza kutunza chaji hata plagi ikiwa mkononi mwako.

Na kama ukigusa fremu ya shokesi inakung'ata hata kidogo tu, yale mambo ya "huwa inatekenya tekenya tumeshazoea", usiiwashe tena. Nenda moja kwa moja hatua ya 7.

## Ijue shokesi yako ni ya aina gani

Fungua kifuniko cha taa, mara nyingi ni bati jembamba linaloshikwa na skrubu mbili. Ukiona kichuma kizito cha mstatili kina nyaya mbili, hiyo ni choki. Ukiona na kikopo kidogo cha plastiki kama kifuniko cha dawa, kinachotoka kwa kuzungusha, hiyo ni stata. Mwongozo huu ni wa hiyo aina.

Ukikuta hamna stata na badala ya kichuma kuna boksi jepesi lenye nyaya nyingi, hiyo ni balasti ya kielektroniki. Hatua za plagi, tyubu na holda ni zilezile, lakini balasti yenyewe ikifa usihangaike kuifungua, badilisha nzima.

Sasa hesabu. Tyubu ngapi, choki ngapi? Hili watu hawaliangalii kabisa na ndo linaloamua aina ya stata. Tyubu mbili za futi 2 (wati 18 kila moja) mara nyingi zinafungwa kwa kufuatana kwenye choki moja ya wati 36. Yaani umeme unapita tyubu ya kwanza ndo unaenda ya pili. Ikifungwa hivyo, moja ikifa zote mbili zinazima, na wewe unaona tyubu mbili mbovu wakati mbovu ni moja.

Piga picha hapo, pembe zote.

## Taa inavyojisema yenyewe

Kabla hujabadilisha chochote washa uiangalie kwa dakika moja, inakupa nusu ya jibu.

Kimya kabisa, hata kumeta hamna: umeme haufiki, au mzunguko umekatika mahali (fyuzi, swichi, tyubu, stata, choki, waya).

Ncha mbili zinawaka rangi ya chungwa au nyeupe hafifu, katikati giza, na inabaki hivyo hivyo: stata imegandana. Hii ndo rahisi kuliko zote.

Inapepesa, inashika inaachia: tyubu imechoka, au stata, au volteji iko chini. Ukiona ncha za tyubu zimekuwa nyeusi tii kama sufuria la kuni, anza kushuku tyubu. Na hapa Arusha Julai asubuhi, baridi ile ya makoti mawili, tyubu iliyochoka inapepesa muda mrefu kabla haijashika, mchana inawaka fresh, mtu anadhani ni mapepo.

Mwanga unazunguka ndani kama nyoka: kama tyubu ni mpya iache iwake masaa kadhaa, huwa inatulia.

Inawaka ila inaunguruma: choki imelegea skrubu zake kwenye bati.

Tyubu mpya inawaka kwa mwanga mkali alafu inaungua ncha ndani ya muda mfupi: ZIMA. Choki imepiga shoti kwa ndani au waya zimeungwa vibaya. Usiweke tyubu nyingine mpaka upite hatua ya 6.

## Hatua ya 1: Hakikisha umeme unafika ukutani

Chomeka chaja ya simu kwenye soketi ileile ya shokesi. Najua unaona nakudharau, lakini nimeshapanda boda mpaka Kijenge kwenda kukuta swichi ya ekstensheni iko chini na chini yake kuna boksi la viatu.

Kama una mita pima volteji. Kwetu ni volti 230, ikicheza kidogo juu chini ni kawaida. Ikisoma 180 au 190, tyubu za choki na stata zinaweza kupepesa tu au kukataa kabisa, na hapo shokesi yako haina kosa lolote. Jaribu tena muda ambao watu hawajawasha mapasi na majiko.

Imefanikiwa kama: chaja inachaji na mita inasoma karibu na 230.

## Hatua ya 2: Plagi, fyuzi, waya na swichi

Chomoa. Fungua plagi (ile ya miguu mitatu ya pembe nne). Mambo matatu ya kuangalia:

Fyuzi: ipime kwa mita, ilie. Usiipime kwa macho, fyuzi nyingine ni kigae huoni ndani. Na kwa shokesi ya taa weka ya ampea 3, sio 13. Shokesi ya tyubu mbili haifiki hata ampea 1. Ukiweka ya 13, siku waya ukibanwa na kioo ukapiga shoti waya mwembamba ndo utageuka fyuzi, utaungulia ndani ya kabati la mbao lenye vitambaa. Na wale wa kufunga karatasi ya sigara kwenye fyuzi, mnajijua.

Nyaya: skrubu zimekaza? Rangi za zamani ni nyekundu fezi, nyeusi nyutro, kijani ethi (waya wa kwenda ardhini). Za sasa ni kahawia fezi, bluu nyutro, kijani na njano ethi. Shokesi ya zamani iliyopita kwa mafundi watatu unaweza kukuta rangi zote kwa pamoja, kwa hiyo usiamini rangi, fuatilia waya kwa mita.

Swichi ile ya kubonyeza pembeni: mita iwe sehemu ya kulia, mguu mmoja huku mwingine kule, bonyeza mara kumi. Ilie kila ukiwasha, inyamaze kila ukizima. Ikilia mara saba kati ya kumi hiyo imeungua ndani, badilisha. Ukiwa hapo hapo hakikisha waya unaokatwa na swichi ni wa fezi, kama ni nyutro hamisha.

Imefanikiwa kama: mita inalia kutoka mguu wa fezi wa plagi mpaka upande wa pili wa swichi ikiwa imewashwa, na kutoka mguu wa nyutro mpaka ndani kwenye koneta.

## Hatua ya 3: Tyubu yenyewe

Kwanza angalia kama imekaa. Tyubu inaingia na miguu yake miwili wima kwenye mfereji wa holda, alafu inazungushwa robo duara mpaka usikie "tki". Kwenye kofia ya chuma ya tyubu nyingi kuna alama au kijistari, kikishatazama nje huku na huku ujue imekaa. Watu wengi wanazungusha nusu wanaachia kwa kuogopa kuivunja. Izungushe kwa mikono miwili, ncha zote kwa pamoja.

Haijawaka? Chomoa plagi, itoe, uipime. Mita kwenye omu (kipimo cha ukinzani), gusa miguu miwili ya ncha moja. Inatakiwa isome omu chache tu, mbili, tatu, tano hivi. Fanya ncha ya pili hivyo hivyo. Ncha moja isiposoma kitu, uzi wa ndani umekatika na tyubu imekufa, hata kama inang'aa kama ya dukani leo.

Kati ya ncha moja na nyingine haitakiwi kusoma kitu, usishtuke, ndani ni gesi tu.

Ncha zote zikisoma vizuri na ncha sio nyeusi sana, tyubu iweke pembeni usiitupe. Kama bado una wasiwasi, weka ile unayojua ni nzima ukaendelee nayo mpaka mwisho wa zoezi.

Ukilazimika kununua: tyubu nene za zamani (upana milimita 38, zinaitwa T12, wati 20 au 40) siku hizi shida kuzipata. Usihangaike, ile nyembamba kidogo ya milimita 26 (T8) ya wati 18 inakaa pahala pa 20, na ya 36 inakaa pahala pa 40, holda ileile, choki ileile. Angalia na namba ya rangi iliyoandikwa, 830 ni mwanga wa njano njano na 865 ni mweupe wa bluu bluu. Dhahabu na mikate inapendeza kwenye 830, saa za silva na simu kwenye 865. Muuza duka atakupa yoyote iliyo karibu na mkono wake.

Imefanikiwa kama: ncha zote mbili zinasoma omu chache na tyubu imekaa bila kucheza.

## Hatua ya 4: Stata, na hapa ndo wengi mnaangukia

Kwa ufupi stata inavyofanya kazi: ndani kuna kichupa cha gesi chenye vibati viwili. Umeme ukija kichupa kinawaka, kinapata joto, vibati vinapinda vinagusana, umeme unapita kwenye nyuzi za tyubu zinapata moto. Vikishagusana kichupa kinapoa, vibati vinaachana ghafla, na pale vinapoachana choki inarusha volteji kubwa kwa mkupuo, tyubu inawaka. Kazi ya stata imeisha hapo, inakaa kimya mpaka kesho.

Kwa hiyo jaribio la kwanza ni la bure. Kama ncha zinawaka na katikati giza, shika stata kwa kikopo chake cha plastiki (isiwe ile ya kikopo cha chuma, na usiingize kidole kwenye tundu), izungushe kushoto uitoe taa ikiwa imewashwa. Tyubu ikiwaka yote pale pale unapoitoa, stata ilikuwa imegandana. Nunua nyingine, bei ya soda tu. Kama kikopo ni cha chuma au kimepasuka, chomoa plagi kwanza ndo ubadilishe.

Kama taa ni kimya kabisa, weka stata unayojua ni nzima. Usipime stata kwa mita ya omu ukategemea jibu, stata nzima haisomi kitu na iliyokufa wazi nayo haisomi kitu. Mita itakusaidia tu kama imegandana, hapo italia.

Sasa aina. Soma maandishi ubavuni. Kuna stata imeandikwa wati 4 mpaka 65, hiyo ni ya tyubu moja kwenye choki moja, makampuni mengine wanaiita S10. Kuna imeandikwa wati 4 mpaka 22, inaitwa S2, hiyo ndo ya tyubu mbili zilizofuatana kwenye choki moja. Kwa nje ukiziweka pamoja ni mapacha.

Ukiweka S10 kwenye tyubu mbili za kufuatana, zile volti 230 zinagawana, kila stata inapata kama 115, na hiyo haitoshi kukiwasha kile kichupa. Matokeo yake kimya, hata kumeta hamna. Ndo ilikuwa kesi ya yule dada wa saa, duka lilimuuzia S10 kwa sababu ndo inauzika sana na hakuna aliyemuuliza zinaenda wapi. Na ukifanya kinyume, ukaweka S2 kwenye tyubu moja ya futi 4, stata haitanyamaza, itakuwa inashtuka shtuka wakati tyubu inawaka, taa itapepesa mpaka wateja waumwe kichwa.

Nilipomwambia akaniuliza, "Sasa fundi, si zote zinaingia kwenye tundu moja?" Zinaingia dada yangu. Hata gumboti la kushoto linaingia mguu wa kulia.

Jambo lingine la tyubu mbili za kufuatana: badilisha stata zote mbili kwa pamoja, za aina moja. Hapa tu ndo navunja sheria yangu ya kitu kimoja kimoja.

Imefanikiwa kama: ndani ya sekunde chache inapepesa mara mbili tatu alafu inashika na kutulia.

## Hatua ya 5: Holda na nyaya za ndani

Chomoa tena. Tochi mkononi.

Holda za zamani plastiki inakauka kwa joto na mwanga wa tyubu, inakuwa ya kahawia, ukiigusa inamomonyoka kama biskuti. Ndani yake kuna vibati vya shaba vinavyobana miguu ya tyubu. Vikilegea au vikiwa na kutu nyeusi taa inawaka ukiigonga na inazima ukifunga kioo. Usivikwangue na kisu ukaridhika, holda mpya ni bei ndogo, badilisha. Ukihamisha nyaya hamisha mmoja mmoja, toa huu weka huu, ndo uende mwingine.

Alafu fuatilia nyaya zinapopita. Kwenye shokesi sehemu mbaya ni mbili: pale waya unapopita kwenye kona ya aluminiamu bila mpira wa kuukinga, na pale unapopita karibu na reli ya kioo cha kusukuma. Kioo kinausugua kila siku, miaka kumi, mpaka shaba inachungulia. Shokesi ikihamishwa hapo ndo inamalizika, imebebwa kwenye guta kutoka Mbauda mpaka mjini, ikifika haiwaki.

Weka mita sehemu ya kulia, ncha mbili kwenye mwanzo na mwisho wa waya, alafu utikise waya taratibu urefu wake wote. Sauti ikikatika katika, hapo hapo ndipo. Usizungushe tepu ukaacha, kata ubadilishe kipande kizima, kiunge kwa koneta, tena koneta iwe ndani ya boksi la taa isiwe inaning'inia kwenye rafu.

Vumbi toa kwa brashi kavu, kamwe sio kitambaa chenye maji. Utakuta mende, utando wa buibui, na usishangae kukuta mjusi. Mimi nilifungua moja ya duka la dawa nikakuta mjusi amelala kifudifudi juu ya koneta, mguu mmoja fezi mmoja nyutro, amekauka kama kibanzi cha viazi. Breka ilikuwa inaruka kila asubuhi na mwenye duka ameshagombana na mwenye nyumba kuhusu waya za ukutani.

Imefanikiwa kama: ukitikisa nyaya mita haikatiki, na tyubu ikikaa kwenye holda haichezi.

## Hatua ya 6: Choki

Umefika hapa, tyubu nzima, stata sahihi, holda nzima, waya zinalia, bado kimya. Sasa choki.

Chomoa waya mmoja wa choki ili ibaki peke yake. Mita kwenye omu, gusa miguu yake miwili. Choki nzima inasoma makumi ya omu, ya wati 18 huwa inasoma zaidi ya ya wati 36. Isiposoma kitu imekatika ndani. Ikisoma karibu na sifuri imepiga shoti, na hiyo ndo muuaji wa tyubu mpya.

Kisha gusa mguu mmoja wa choki na mwili wake wa chuma (kwangua rangi kidogo). Hapa isisome kitu kabisa. Ikisoma chochote umeme unavuja kwenda kwenye bati, choki haifai hata kama taa inawaka.

Kuna choki zimepiga shoti nusu, mita ya kawaida haikuonyeshi vizuri. Dalili yake ni harufu ya kuungua, lami imetoka pembeni, au ncha za tyubu mpya zinakuwa nyeusi haraka. Ikiwa hivyo usibishane nayo. Ila joto lenyewe tu lisikutishe, choki inapata moto kwa kawaida, ile tw130 iliyoandikwa juu yake inamaanisha waya wa ndani umetengenezwa kuvumilia mpaka nyuzi 130.

Choki mpya iwe na wati zinazolingana na za mwanzo. Tyubu moja ya 18 choki ya 18. Tyubu mbili za 18 za kufuatana choki ya 36. Ukiweka ya 36 kwenye tyubu moja ya 18 itawaka kwa furaha, alafu itakufa.

Mpangilio kama picha yako imepotea: fezi kutoka swichi inaingia choki, inatoka choki inaingia mguu mmoja wa ncha ya kwanza ya tyubu. Mguu wa pili wa ncha hiyo unaenda stata. Stata inaenda mguu mmoja wa ncha ya pili. Mguu uliobaki unaenda nyutro. Kwa tyubu mbili za kufuatana, badala ya kwenda nyutro unaenda kuanza tyubu ya pili na stata yake, ndo unamalizia nyutro.

Tahadhari kwa shokesi za zamani sana: ukikuta kapasita imevimba au inatoa mafuta usiyashike kwa mkono. Kapasita za zamani, hasa za kabla ya miaka ya 1980, zinaweza kuwa na mafuta ya sumu. Vaa glavu, ifunge kwenye mfuko, usiichome.

## Hatua ya 7: Breka inaruka, au fremu inakung'ata

Breka ikiruka, usiirudishe mara tano ukitegemea itachoka. Chomoa shokesi. Breka ikikaa, kosa liko ndani ya shokesi.

Toa tyubu na stata zote. Swichi ya shokesi iwe imewashwa. Mita kwenye omu za juu, pima kwenye plagi: fezi na nyutro, fezi na mguu wa ethi, nyutro na mguu wa ethi. Vyote visisome kitu (kama kuna kapasita namba itapanda panda alafu ipotee, hiyo ni sawa). Kikisoma kitu, anza kutenganisha: toa kapasita upime, toa choki upime, toa waya uliopita kwenye fremu upime. Kile ukikitoa mita inanyamaza ndo mwenye kosa.

Kwa kung'ata: ngoja nikwambie ukweli, fremu iking'ata kuna makosa mawili kwa pamoja. Kwanza umeme unavuja, pili ethi haipo au imekatika, manake ethi ingekuwepo ungeenda ardhini na sio kwako. Pima kutoka mguu mkubwa wa plagi mpaka kwenye chuma cha fremu, mita isome chini ya omu 1 au ilie. Isipolia, unga ethi vizuri kwa kiterminali na skrubu, kwangua rangi pale. Na ekstensheni ya nyaya mbili kwenye shokesi ya chuma, itupe.

Ethi ya ukutani je? Kama soketi yenyewe haina ethi au breka inaruka hata shokesi ikiwa imechomolewa, ishia hapo. Tafuta fundi mwenye leseni ya EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji), na kuanzia kwenye mita ya LUKU kwenda nje ni kazi ya TANESCO, lakiri zake usiziguse.

Kuna ujanja wa mafundi wa zamani, balbu ya kufuatana. Unaunga holda yenye balbu ya nyuzi ya wati 100 kwenye waya wa fezi kati ya ukuta na shokesi. Ukiwasha, balbu ikiwaka kwa nguvu zote kuna shoti, na hakuna kilicholipuka. Ikiwaka hafifu au isipowaka, hakuna shoti. Ila hiyo iwe imefungwa vizuri kwenye ubao, sio nyaya zinazoning'inia, na kama hujawahi kuunga holda maishani mwako achana nayo.

Imefanikiwa kama: breka inakaa, na testa ukiigusa fremu shokesi ikiwa imewashwa haiwaki.

## Hatua ya 8: Kufunga na kujaribu

Rudisha vifuniko vyote kabla ya kuwasha, sio baada. Washa, acha iwake saa nzima bila bidhaa. Rudi unuse. Gusa kioo na fremu kwa mgongo wa mkono. Zima washa mara tano, kila mara ishike yenyewe. Sukuma vioo huku na huku taa ikiwa inawaka, isipepese.

Ikiunguruma kaza skrubu za choki, au weka kipande cha mpira mgumu usioungua chini yake.

## Tyubu ikivunjika

Ndani kuna zebaki kidogo. Fungua milango, toa watoto na wateja, kaa nje dakika 15. Usifagie na ufagio, unaisambaza. Okota kwa kipande cha boksi, unga unga uokote kwa selotepu, weka vyote kwenye chombo cha kufunga. Usichome moto na usiwape watoto wachezee zile nzima zilizokufa, nimewaona Ngarenaro wanapigana nazo kama mikuki.

## Nihamie LED au niendelee kuganga?

Kama choki imekufa na holda zote zinamomonyoka, hamia. Tyubu ya wati 18 ukijumlisha na inachokula choki inafika kama 28, LED ya futi 2 ni kama 9. Kwa tyubu mbili, kila moja na choki yake, masaa 12 kwa siku unaokoa yuniti 13 hivi kwa mwezi kwenye LUKU.

Lakini soma karatasi ya tyubu. Kuna LED zinazokuja na stata yake maalumu ambayo ndani ni fyuzi tu, unatoa stata ya zamani unaweka hiyo na choki inabaki. Angalia kama wanaruhusu tyubu mbili kwenye choki moja. Na kuna zinazotaka umeme moja kwa moja, hapo unaondoa choki na stata kabisa. Hizi nazo ni mbili: zinazopokea fezi na nyutro upande mmoja, na zinazopokea fezi upande huu nyutro upande ule. Ukichanganya hizo mbili inaweza kuwa mlipuko na breka chini.

Ukishabadilisha waya kuwa wa LED, andika kwenye stika ndani ya kifuniko, "LED TU, HAMNA CHOKI," na fezi iko upande gani. Akija mtu mwakani akaweka tyubu ya kawaida hapo kuna hatari. Hata kama umebaki na choki andika, yule dada wa saa kaandika kwa maka nyekundu "STATA S2, MBILI, SIO ILE NYINGINE" na chini yake tarehe. Zile tyubu nne mbili zimo kwenye shokesi, mbili kamuuzia jirani.